Barua Zetu Zinalala Nyumba ya Nani?



Kila tunapokutana mikutanoni twalipenda sana neno hili "kujitegemea." Twalitaja tunapozungumza habari za jembe, za mbegu, za shule na za zahanati. Lakini iko mali moja ya vyama vyetu vya ushirika, ya vikundi vyetu na ya matawi yetu ambayo hatuitaji kabisa, nayo ni barua. Siku hizi barua za kazi si za karatasi tena, ni barua pepe. Mkataba na mnunuzi waja kwa barua pepe. Tangazo la zabuni laja kwa barua pepe. Majibu ya benki na ya ofisi za Serikali yaja kwa njia hiyo hiyo. Basi leo nauliza swali moja, nami nataka kila katibu na kila mweka hazina alijibu kwa moyo safi: barua hizo zinalala katika nyumba ya nani, na ufunguo wa nyumba hiyo anao nani?

Najua nitajibiwa kwa namna mbili. Wa kwanza atasema: "Haina neno, tunayo anwani ya bure katika kampuni kubwa ya Marekani, na barua zafika." Wa pili, hasa kijana aliyesomea kompyuta, atasema: "Tuache unyonge, tuweke mashine yetu wenyewe, tupokee na kutuma barua zetu bila kumwomba mtu." Mimi nasema kila mmoja wao ana sehemu ya haki, na kila mmoja wao aweza kutuletea hasara. Nasema hivyo kwa sababu nimeyaona yote mawili kwa macho yangu.

KISA CHA USHIRIKA MMOJA

Uko ushirika mmoja wa wakulima wa kahawa ambao nimepata kuusaidia kuandika kumbukumbu za mikutano. Jina lake nalihifadhi. Mwaka 2016 katibu wake, mzee mwaminifu na mchapakazi, aliufungulia anwani ya barua pepe ya bure. Akatumia namba yake mwenyewe ya simu, kwa kuwa ushirika haukuwa na simu. Hakuna aliyeona kosa. Kwa miaka sita barua zote zilipita hapo: bei, mikataba, sampuli za kahawa, na ahadi za mnunuzi wa ng'ambo.

Mwaka 2022 mzee wetu alifariki, Mungu amrehemu. Laini yake ya simu ikakaa bila kutumika, ikafungwa. Mwaka uliofuata ukatokea ubishi juu ya nyongeza ya bei kwa kila kilo. Wakulima walikumbuka kuwa mnunuzi aliiahidi kwa maandishi. Mnunuzi akasema hakumbuki. Basi tukaenda kuitafuta barua. Kompyuta ikatutaka neno la siri, nasi hatunalo. Tukaomba tusaidiwe, nayo ikasema itatuma tarakimu za siri kwenye simu ya mwenye anwani. Simu ya marehemu! Tukaandika maombi, tukajaza fomu mara tatu, na kila mara jawabu likawa moja: hatuwezi kuthibitisha kwamba anwani hii ni yenu.

Nao kwa kweli hawakukosea. Anwani haikuwa yetu. Katika vitabu vyao ilikuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo hayupo. Wakulima mia kadha walikuwa na haki yao imeandikwa, imetunzwa vizuri, na wasiweze kuisoma. Mwishowe walikubali bei ndogo. Hiyo ndiyo gharama ya "bure", na katika daftari la mweka hazina haikuonekana hata siku moja.

BURE INATUPA NINI, NA INATUNYIMA NINI

Tusiseme uongo juu ya wenzetu. Anwani ya bure ni kitu cha manufaa makubwa. Tangu tarehe 1 Aprili 2004, Gmail ilipoanza na nafasi ya gigabaiti moja kwa kila mtu, maskini na tajiri wamepata sanduku la barua lenye mlinzi hodari wa kuzuia barua taka. Leo nafasi hiyo ni gigabaiti 15, ikichanganywa na picha na mafaili mengine. Hata lile jambo la mashine kuzisoma barua ili zichague matangazo ya biashara, kampuni yenyewe ilitangaza mwaka 2017 kwamba italiacha. Kwa barua za mtu binafsi mimi sina ugomvi nayo.

Lakini ofisi si mtu binafsi. Mtu huzaliwa na kufa, huhama na kuoa, ofisi hubaki. Anwani ya bure hufungwa kwa simu ya mtu. Nafasi yake ikijaa, barua mpya hukataliwa. Na tangu Desemba 2023 kampuni hiyo ina haki ya kuifuta akaunti ya binafsi isiyofunguliwa kwa miaka miwili. Fikirini kikundi kilicholala kwa misimu miwili ya ukame kisha kikafufuka: kitakuta sanduku lake halipo na mikataba yake imekwenda nalo.

Tena kuna jambo kubwa zaidi ya hilo, nalo ni la mamlaka. Machi 2018 Marekani ilipitisha sheria iitwayo CLOUD Act. Kwa sheria hiyo kampuni ya Kimarekani ikipewa amri halali ya mahakama za kwao yapaswa kutoa barua inazozitunza, hata kama zimetunzwa nje ya Marekani. Mtu atasema, "Sisi wakulima wa kahawa, nani atazitaka barua zetu?" Labda hakuna. Lakini tazameni yaliyowapata wenzetu wa India.

Iko kampuni huko iitwayo Nayara Energy, yenye kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta katika jimbo la Gujarat. Julai 2025 Umoja wa Ulaya uliiwekea vikwazo, kwa kuwa sehemu kubwa ya hisa zake ni za kampuni ya Kirusi, Rosneft. Siku chache baadaye kampuni ya Microsoft, ya Marekani, ikawazuia kutumia huduma zake, barua pepe zikiwamo. Nayara walikuwa si watu wa bure, walikuwa wamelipa. Walikuwa India, wakifuata sheria za India, na barua zao wakanyimwa kwa uamuzi uliofanywa Ulaya na kutekelezwa na kampuni ya Marekani. Ikawabidi waende Mahakama Kuu ya Delhi, na kabla ya mwezi kwisha huduma zikarudishwa. Mimi sitetei mafuta ya mtu. Ninachouliza ni hiki: ikiwa kampuni kubwa namna hiyo, yenye mawakili, inaweza kuamka asubuhi ikakuta mlango wa sanduku lake umefungwa, je, ushirika wetu ungekwenda mahakama gani?

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Basi wengi wakisikia hayo huruka na kusema, "Tuweke mashine yetu!" Ngojeni. Hapo ndipo kisa chetu kinapoendelea.

NJIA YENYEWE NI YA WOTE

Kwanza tuelewe kwamba kuendesha posta yako mwenyewe ni jambo linalowezekana, wala si ndoto. Barua pepe haikubuniwa na kampuni moja ili iwe mali yake. Mwaka 1971 mhandisi Ray Tomlinson alituma barua kutoka mashine moja kwenda nyingine kwa mtandao, akachagua ile alama ya @ itenge jina la mtu na jina la mashine. Mwaka 1982 Jonathan Postel akaandika kanuni za namna mashine moja inavyoikabidhi nyingine barua, na kanuni hizo zikatolewa wazi kwa yeyote. Ni kama barabara kuu: anayetaka apite, ili mradi afuate sheria za barabara.

Hata vyombo vyenyewe haviuzwi. Tarishi aitwaye Postfix, anayepokea na kupeleka barua, alitengenezwa na Wietse Venema akatolewa mwaka 1998. Mtunza masanduku aitwaye Dovecot alitengenezwa na Timo Sirainen wa Ufini akatolewa mwaka 2002. Vyote viwili ni programu huria, vyapatikana bila kulipa hata senti. Tangu mwaka 2015 hata vyeti vya kuzifunga barua zisisomwe njiani vyatolewa bure na Let's Encrypt.

Kwa hiyo kijana wetu mmoja, fundi mwenye bidii, aliposimama katika mkutano wa mwaka 2024 akasema, "Naweza," hakuwa mwongo. Akanunua jina la ushirika mtandaoni, akakodi mashine ng'ambo kwa dola 10 kila mwezi, akakesha wiki mbili. Wiki ya tatu anwani kumi na mbili zilikuwa tayari, zote zinaishia kwa jina letu. Wazee walipiga makofi. Nami nilipiga.

MATATIZO YALIPOANZA

Barua ya kwanza ya maana tuliituma benki. Kimya. Ya pili kwa mnunuzi. Kimya. Baada ya siku kumi tukapiga simu, tukaambiwa, "Ahaa, ipo hapa, imeingia kwenye barua taka." Kwa nini? Sababu zilikuwa tatu, na kila anayetaka kujijengea nyumba ya barua yafaa azijue.

Kwanza, kila mashine mtandaoni ina namba yake, na namba hiyo ina sifa kama mtu. Namba tuliyokodi ilikuwa imetumiwa zamani na wahuni wanaotawanya barua taka. Wapo walinzi, kama vile Spamhaus iliyoanzishwa mwaka 1998, wanaoweka orodha za namba mbaya, na posta nyingi za dunia huzitazama orodha hizo kabla ya kufungua mlango. Sisi tulirithi dhambi ya mpangaji aliyetutangulia. Kuomba jina lifutwe kwenye orodha kulichukua siku kadha.

Pili, siku hizi haitoshi kusema "mimi ndiye." Lazima uthibitishe. Kuna ushahidi wa aina tatu. SPF ni orodha unayoitangaza kwa wote ya matarishi wanaoruhusiwa kubeba barua zako. DKIM ni muhuri wa siri unaogongwa juu ya kila barua, ambao mpokeaji aweza kuukagua. DMARC ni agizo lako kwa mpokeaji, kwamba barua isiyo na ushahidi huo aifanyeje. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka kila anayetuma kwao awe walau na kimoja kati ya viwili vya kwanza, na anayetuma barua nyingi, ambazo kwa Google ni kama 5,000 au zaidi kwa siku, awe na vyote vitatu. Microsoft nao wakafuata mwaka 2025 kwa watumaji wakubwa wa namna hiyo. Fundi wetu alikuwa ameweka cha kwanza, akakosea herufi moja katika cha pili.

Tatu, mashine mpya haijulikani. Hata ukifanya yote sawa, mpokeaji mkubwa hukutazama kwa jicho la mashaka mpaka uzoeleke, kama mgeni kijijini. Inafaa uanze kutuma barua chache, kidogo kidogo, kwa wiki nyingi.

Na hapa nawajibu wale wasemao, "Kwa nini kukodi ng'ambo? Tuiweke mashine ofisini kwetu." Wakumbuke umeme. Katika mgao wa mwishoni mwa 2023 ofisi ngapi zilikaa gizani? Tena namba ya intaneti ya ofisi ndogo hubadilika mara kwa mara, na kampuni nyingi za mtandao huufunga mlango namba 25, ambao ndio mlango wa kupelekea barua. Posta za dunia nazo hazipendi kupokea barua kutoka namba za majumbani. Mashine ya kupokea inaweza kukaa ofisini. Ya kupeleka ni shida kubwa.

Fundi alirekebisha yote hayo, na kwa miezi michache tukapumua. Kisha akapata kazi nzuri mjini, akaenda zake. Simlaumu, kijana ana haki ya kutafuta riziki. Lakini aliondoka na ujuzi wote kichwani mwake. Siku moja diski ya mashine ikajaa, nayo ikaanza kukataa barua. Hakuna aliyeona. Tulikaa siku tisa. Posta inayotuma ikikuta mlango umefungwa haikati tamaa upesi. Kwa desturi hurudia kugonga kwa siku kama tano. Kwa hiyo barua za siku za mwisho zilitufikia, bali za siku za mwanzo zilirudishwa kwa wenyewe na maneno haya: haikufika. Mojawapo ilikuwa mwaliko wa kupeleka sampuli.

Mnaona, ndugu zangu? Mara ya kwanza ufunguo ulikuwa kwa marehemu. Mara ya pili ufunguo ulikuwa kwa fundi aliyehama. Tulidhani tumetoka katika utegemezi, kumbe tulibadilisha tu mtu wa kumtegemea. Kidole kimoja hakivunji chawa.

TUFANYE HESABU

Yafaa sasa tuhesabu, maana kujitegemea bila daftari ni kelele.

Chukueni ushirika wenye masanduku 12. Ukipanga kwa kampuni kubwa ya Marekani katika huduma yake ya ofisi, bei ya chini ni kama dola 7 kwa kila sanduku kila mwezi. Hiyo ni dola 84 kwa mwezi, au 1,008 kwa mwaka.

Ukikodi mashine na kuiendesha mwenyewe, kama sisi, ni dola 120 za mashine kwa mwaka. Ongeza dola 60 za mahali pengine pa kuweka nakala za akiba, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Ongeza kama dola 15 za jina. Jumla ni dola 195. Hapo ndipo vijana hushangilia. Lakini hawajamhesabu mtu. Tuseme katika hali njema fundi atazame mashine saa mbili kila wiki: kuangalia diski, kuweka marekebisho ya usalama, kusoma madaftari ya mashine, kujaribu kama nakala za akiba zafunguka. Hizo ni saa 104 kwa mwaka, na katika wiki mbaya zitakuwa mara kumi. Asipolipwa, ataondoka. Akilipwa, zile dola 195 si 195 tena.

Iko njia ya tatu, nayo ni kupanga chumba kwa kampuni ndogo ya hapa nchini inayotunza tovuti na barua. Wao hawatozi kwa kila kichwa, wanatoza kwa nyumba nzima. Baada ya zile siku tisa sisi tulikwenda huko, tukalipa kiasi kisichofika shilingi laki mbili kwa mwaka kwa masanduku yetu yote 12. Kasoro zake zipo: nafasi ni ndogo, na mara nyingine mpangaji mwenzako akituma barua taka, sifa ya nyumba nzima huharibika. Lakini mlinzi yupo, na simu yake yapokelewa.

Basi nasema wazi, hata kama baadhi ya marafiki zangu watanuna: kwa hesabu ya fedha tupu, kuendesha mashine yako mwenyewe si rahisi kuliko kupanga chumba hapa nchini. Anayewaambia kwamba ni rahisi anawadanganya, au hajakaa siku tisa bila barua.

JINA NDILO SHAMBA

Lakini sikilizeni jambo lililotokea tulipohama kutoka mashine ya fundi kwenda chumba cha kupanga. Hatukumwandikia mnunuzi hata mmoja kwamba anwani yetu imebadilika. Haikubadilika. Jina lilikuwa letu, limeandikishwa kwa jina la ushirika, na hati yake imo katika sefu pamoja na hati ya kiwanja. Tulibadilisha tu kibao kinachowaelekeza matarishi wa dunia, kwamba barua za jina hili sasa zipelekwe nyumba ile. Baada ya siku mbili barua zote zilikuwa zikiingia mahali papya. Barua za zamani tulizinakili tukazichukua pamoja nasi.

Linganisheni na mwaka 2023, tulipolia mlangoni kwa watu wa ng'ambo kwa ajili ya simu ya marehemu. Tofauti si mashine. Katika mara hizi zote mbili mashine haikuwa yetu. Tofauti ni jina na nakala. Jina ndilo shamba, mashine ni banda. Banda likianguka utajenga jingine juu ya shamba lako. Bali ukiwa na banda zuri juu ya shamba la mtu, siku akikufukuza utaondoka na nini? Na jina la mwaka mzima, ndugu zangu, haliifikii bei ya mfuko mmoja wa mbolea.

Serikali yetu yenyewe imelijua hilo. Kupitia Mamlaka ya Serikali Mtandao inaendesha mfumo wake wa barua pepe, na watumishi wa umma wanatakiwa watumie anwani zinazoishia go.tz katika kazi za ofisi. Nchini Ujerumani jimbo la Schleswig-Holstein lilimaliza mwezi Oktoba 2025 kuhamisha masanduku zaidi ya 40,000 ya watumishi wake kutoka vyombo vya Microsoft kwenda programu huria. Hawakuweza kwa sababu Wajerumani ni wateule. Waliweza kwa sababu majina ni yao, na kwa sababu kazi hiyo hawakumwachia kijana mmoja.

KUJENGA NYUMBA PAMOJA

Je, basi tukae tukipanga milele? Hasha. Naona faida ya kuwa na nyumba zetu, hapa nchini. Kumbukeni tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, na intaneti ya Tanzania ikazorota kwa siku kadha. Siku hizo barua ya kutoka Moshi kwenda Arusha, ambayo masanduku yake yako ng'ambo, ilitakiwa ivuke bahari na kurudi ndipo isomwe na jirani. Nyumba ya barua ikiwa Dar es Salaam, barua ya jirani kwa jirani haihitaji kuvuka bahari.

Lakini nyumba hiyo isijengwe na mmoja mmoja. Tuseme vyama kumi vya ushirika viungane, kila kimoja na masanduku 12. Yote ni 120. Kwa kampuni kubwa ya ng'ambo wangelipa dola 10,080 kwa mwaka. Kwa umoja wao wakikodi mashine nzuri ya dola 40 kwa mwezi, nakala za akiba za dola 20 kwa mwezi, na majina kumi, ni dola 870. Waajiri mafundi wawili wa nusu siku, kila mmoja dola 250 kwa mwezi, ni dola 6,000. Jumla 6,870, yaani dola 687 kwa kila ushirika. Bado ni zaidi ya chumba cha kupanga, nakiri. Lakini fedha hiyo inabaki hapa, kwa vijana wetu, na mafundi hao hao watatunza kompyuta na mahesabu ya vyama vyote kumi. Nao ni wawili: mmoja akihama, wa pili anamfundisha wa tatu. Huo ndio ushirika.

Watakaojenga wajue pia wamebeba dhamana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023. Anayetunza majina, simu na madeni ya wanachama yampasa ajiandikishe kwa Tume na azilinde taarifa hizo. Siri ya mkulima si karatasi ya kufungia karanga.

TUFANYE NINI

Sipendi kuandika maneno marefu kisha nikawaacha njiani. Kabla ya mkutano mkuu ujao kila ushirika, kila kikundi na kila tawi lifanye mambo manne.

La kwanza, mnunue jina lenu, mliandikishe kwa jina la chama wala si la katibu, na tarehe ya kulilipia iandikwe ukutani. Jina lisipolipiwa hupotea, na mwingine aweza kulichukua.

La pili, funguo zote, yaani maneno ya siri na namba za simu za kuthibitishia, ziandikwe katika bahasha iliyotiwa lakiri na kuwekwa katika sefu, wajue watu watatu. Simu ya kuthibitishia iwe ya ofisi.

La tatu, kila mwisho wa mwezi barua zote zinakiliwe kwenye diski ya chama, na mara moja kila robo mwaka diski hiyo ifunguliwe mbele ya kamati ionekane kama inasomeka. Nakala isiyojaribiwa si nakala.

La nne, kwa sasa pangeni chumba hapa nchini, wala msione haya. Huku mkipanga, zungumzeni na majirani zenu juu ya kujenga pamoja, na wapelekeni vijana wawili wakajifunze. Si mmoja. Wawili.

Wako watakaosema mambo haya ni madogo, ya makarani. Waende wakawaulize wale wakulima wa kahawa waliopoteza nyongeza yao ya bei ilhali ahadi imeandikwa. Watawaambia kwamba haki iliyofungiwa katika nyumba ya mtu mwingine haina tofauti na haki isiyoandikwa.

Basi kesho asubuhi, kabla ya chai, muulizeni katibu wenu swali lile nililoanza nalo. Akisita kujibu, kazi ianze siku hiyo hiyo.